Kuchangia mashirika ya mtandaoni ukiwa na kipato cha kubana: mwongozo kamili

Nilikuwa nasoma Wikipedia kuhusu kideri, maana kuku wetu watatu walikuwa wamekufa ndani ya siku mbili, mara bango likafunika nusu ya skrini ya simu. Linaomba mchango. Maneno yake yalikuwa ya unyenyekevu kiasi cha kunitia aibu: wasomaji wengi wanapita tu, ukitoa kidogo leo utakuwa umesaidia sana. Kidole kikaanza kuelekea kwenye kitufe. Mke wangu akachungulia kutoka nyuma yangu, akauliza, "Baba watoto, hiyo kamati mwenyekiti wake nani? Na wameshakusanya ngapi?"

Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo.

Sisi ni watu wa michango. Kadi ya harusi ikiingia nyumbani hatuhitaji semina. Tunaangalia aliyeileta, tunauliza kamati imefikia wapi, bajeti ni ya ukumbi gani, na sisi wenyewe tuna ahadi ngapi ambazo hatujazimaliza. Halafu tunatoa, au tunatoa nusu, au tunasema "mimi nitakuja kusaidia jikoni" na hakuna anayenuna. Bango la mtandaoni ni kadi ya mchango kama zile nyingine, ila imetoka mbali na mlangoni hakuna mtu aliyesimama akisubiri jibu. Hatua zifuatazo ni maswali yetu yale yale ya kamati, yakiulizwa kwa mashirika kama Wikimedia Foundation (wenye Wikipedia), Internet Archive (hifadhi ya vitabu na kurasa za zamani), Signal (programu ya meseji), Mozilla (wenye kivinjari cha Firefox) na OpenStreetMap (ramani ya wazi). Harambee za mgonjwa au mtu mmoja mmoja zina mambo yake. Hapa nitazigusa kwenye suala la utapeli tu.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya nyumbani kabla hujasoma ombi

Ukisoma ombi kwanza, moyo utatangulia kalamu. Chukua daftari.

Tuseme mkononi inaingia shilingi 600,000 za Tanzania kwa mwezi. Kodi ya nyumba 100,000 (ingawa mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, itenge kila mwezi). Chakula 200,000. Nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, 60,000. Luku na maji 40,000. Shule 60,000. Bando 20,000. Mzazi kijijini 50,000. Hisa ya vikoba 30,000. Jumla 560,000. Inabaki 40,000, na hiyo ndiyo itakayobeba dawa, misiba, harusi ya binamu na gesi itakayoisha tarehe 23. Kwa hesabu hii, mchango wa mtandaoni haupaswi kuzidi 5,000 kwa mwezi, na kuna miezi utakuwa sifuri. Usiitoe bado. Iandike kama fungu la mwaka: 60,000. Sababu ya kuikusanya utaiona kwenye hatua ya 6.

Kuna hali nne ambazo zikiwepo, funga bango urudi kwenye kuku wako, mwongozo wako umeishia hapa:

– Unadaiwa mkopo wa riba, hasa hii ya mtaani tunayoiita kausha damu.
– Salio la simu yako linategemea Songesha, Fuliza au huduma nyingine ya kukopeshwa pale salio lisipotosha. Hapo mchango wako utakuwa umeukopa, na ada yake utailipa wewe.
– Kodi ya nyumba au ada ya mtoto imepitiliza tarehe.
– Umeahidi kwenye msiba au harusi ya watu wako na hujamaliza.

Hiyo ya nne wengine watabisha. Mimi naishikilia, kwa sababu ahadi kwa ndugu ni deni lenye macho. Utakutana nalo kwenye kikao kijacho.

Na kama mna mfuko mmoja nyumbani, mwenzako ajue. Elfu tano iliyotoka kimya kwenda San Francisco, Marekani, yaliko makao ya Wikimedia, inaweza kuzua mazungumzo marefu kuliko thamani yake.

Hatua ya 2: Orodhesha unachokitumia kweli

Kwa wiki mbili, kila unapotumia kitu cha bure mtandaoni chenye shirika lisilo la faida nyuma yake, kiandike. Wengi hushangaa. Unadhani ni Wikipedia peke yake, kumbe kitabu cha zamani ulichoazima kilitoka Internet Archive, na ile programu ya usafiri inayokuonyesha vichochoro vya mtaa wenu imechukua ramani ya OpenStreetMap. Ukimaliza, weka alama kwenye viwili tu ambavyo vikifungwa kesho utaumia. Hivyo ndivyo vya kuvichunguza. Vingine viache vipite.

Hatua ya 3: Hakikisha aliyeleta kadi ndiye mwenyewe

Sote tumeshapokea ile meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii". Matapeli wa michango hufanya kazi kwa mtindo huo huo: wanasubiri uwe tayari kutoa, kisha wanasimama katikati ya njia. Usifuate kiungo kilichokuja kwa WhatsApp, kwa barua pepe au kwenye tangazo la Facebook. Andika mwenyewe anwani ya tovuti unayoijua, halafu tafuta sehemu ya kuchangia ukiwa humo humo. Ukurasa wa Wikimedia wa michango, kwa mfano, ni donate.wikimedia.org, herufi moja ikizidi au ikipungua, toka.

Baada ya hapo tafuta usajili. Shirika la hisani la Marekani huwa chini ya kifungu cha sheria ya kodi kinachojulikana kama 501(c)(3), na mengi yao hujaza kila mwaka fomu namba 990 iliyo wazi kwa umma. ProPublica, shirika la habari la Marekani, wana ukurasa wa bure uitwao Nonprofit Explorer unaokuonyesha fomu hizo bila kujisajili. Kwa Uingereza na Wales, daftari la Charity Commission linaonyesha mapato, matumizi na majina ya wadhamini. Nyumbani Tanzania, mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002 na yana Msajili wake. Kenya walipitisha sheria ya mashirika ya manufaa ya umma mwaka 2013, ikaanza kutumika Mei 2024.

Angalia pia kama kinachokuomba ni shirika au ni jukwaa. GoFundMe ni kampuni ya biashara. Aliyeandika ombi humo ni mtu mwingine kabisa, na jukwaa linaweza kukuwekea "bahshishi" yake juu ya mchango wako. Unaruhusiwa kuiweka sifuri. Kwa ombi la mtu binafsi, kama humjui mwenyewe wala humjui anayemjua, usitume.

Hatua ya 4: Soma kitabu cha mweka hazina

Hapa ndipo swali la mke wangu linapojibiwa, na hapa ndipo nakushauri utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Tafuta vitu vinne kwenye hesabu zilizokaguliwa: yaliyoingia mwaka huo, yaliyotoka, akiba iliyobaki, na fungu kubwa la matumizi ni lipi. Hesabu huchelewa mwaka mmoja au zaidi. Hilo ni la kawaida.

Tuchukue Wikimedia Foundation. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024 iliingiza karibu dola milioni 185, ikatumia chini kidogo ya milioni 180, na mali zake halisi (baada ya kutoa madeni) zilizidi milioni 270. Pembeni kuna mfuko wa kudumu, Wikimedia Endowment, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa lengo la kufikisha dola milioni 100 ndani ya miaka kumi. Ulifika mwaka 2021. Gharama ya kuhifadhi tovuti kwenye mitandao, ile ambayo msomaji hudhani ndiyo anayoichangia, ni kama milioni 3. Mishahara na stahili za wafanyakazi huzidi milioni 100.

Usikimbilie kuwaita wezi. Tovuti inayosomwa dunia nzima bila tangazo hata moja inahitaji wahandisi na wanasheria, na watu hao hawalipwi kwa asante. Fedha nyingi za Wikimedia zinatoka kwa mamilioni ya watu wanaotoa kidogo kidogo, jambo linalowalinda wasiwe mateka wa tajiri mmoja. Lakini sauti ya bango na hali ya mfuko havikuwa vinafanana. Mwishoni mwa 2022 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza, ambao ni watu wa kujitolea, walipiga kelele wenyewe kuhusu lugha ya mabango hayo, na shirika likalazimika kuyaandika upya. Ukiona wapishi wa harusi wanaibishia kamati yao, na wewe mgeni una haki ya kuuliza.

Uamuzi wangu kwa mwenye 60,000 kwa mwaka: Wikipedia isiwe ya kwanza kwenye orodha. Kamati ile imeshavuka lengo, na mfuko wa dharura wanao kunishinda mimi na wewe. Mwenye nafasi atoe. Kazi ni nzuri. Wewe una njia nyingine ya kuisaidia, nitaieleza chini.

Signal ni habari tofauti. Ilipata mtaji mkubwa mwaka 2018, pale Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp, alipotoa dola milioni 50. Lakini Novemba 2023 waliweka hesabu zao hadharani wakasema gharama zinaelekea kama milioni 50 kwa mwaka ifikapo 2025. Kutuma zile namba za uthibitisho kwa meseji tu kuliwagharimu kama milioni 6 kwa mwaka. Hapo kuna pengo unaloliona kwa macho, na hawauzi taarifa zako ili kuliziba. Kama ndiyo unayotumia kuongea na watu wako kila siku, hoja ya kuchangia ina mguu.

Internet Archive iko San Francisco tangu 1996, ilipoanzishwa na Brewster Kahle. Inahifadhi kurasa ambazo wenyewe walishazifuta, zikiwemo za magazeti yetu ambazo kwingine huzipati tena. Ilishindwa kesi dhidi ya wachapishaji wakubwa wa vitabu mwaka 2023, ikashindwa rufaa Septemba 2024, na mwezi uliofuata wadukuzi wakaiba taarifa za akaunti zipatazo milioni 31. Hiyo ni nyumba ambayo paa linavuja. Mimi fungu langu la mwaka jana lilikwenda huko.

Neno moja kuhusu asilimia ya "gharama za uendeshaji". Watu huipenda kwa sababu ni namba moja rahisi. Usiiabudu. Shirika linaloajiri mhasibu mzuri litaonekana lina gharama kubwa, na lisiloajiri litaonekana safi hadi siku fedha zitakapopotea.

Hatua ya 5: Uliza pesa inaingia fungu lipi

Mchango wa sare za harusi haununui keki. Wengi wametoa kwa Mozilla Foundation wakidhani wanaijenga Firefox. Firefox inatengenezwa na Mozilla Corporation, kampuni iliyo chini ya shirika hilo, na mapato yake makubwa hutoka kwenye mikataba ya injini za utafutaji, hasa wa Google. Mchango wako kwa Foundation huenda kwenye kampeni, ruzuku na miradi yao mingine. Thunderbird, programu ya barua pepe ya ukoo huo huo, iko chini ya kampuni nyingine ndogo na yenyewe huishi kwa michango. Mwaka 2022 ilikusanya zaidi ya dola milioni 6. Kwa hiyo mtu anayeipenda Firefox na mtu anayeipenda Thunderbird wanaweza kutoa 20,000 ile ile, mmoja akagusa anachokipenda na mwingine asikiguse.

Soma sentensi ndogo chini ya fomu. Kama hujaelewa, andika barua pepe fupi kuuliza. Shirika linalojibu swali la mtu wa dola 5 ni dalili njema.

Hatua ya 6: Toa mara moja kwa mwaka

Fomu nyingi zitakusukuma kwenye mchango wa kila mwezi. Kwa shirika ni raha, wanapanga bajeti. Kwa mwenye kipato cha kubana ni hasara mara mbili.

Tuanze na makato. Nchini Marekani, bei ya kawaida ya Stripe, mmoja wa wasindikaji wakubwa wa malipo ya kadi (kampuni zinazopitisha pesa kutoka kadi yako hadi kwa shirika), ni asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila muamala. Ukitoa dola 1 kila mwezi, senti 33 zinapotea njiani kila mara. Kwa mwaka umetoa dola 12 na karibu 4 hazikufika. Ukitoa dola 12 kwa mara moja, zinazopotea ni senti 65. Upande wa nyumbani nako benki au mtandao wa simu unakata chake, na kiwango chao cha kubadili fedha ni kibaya kuliko kile ulichokiona kwenye taarifa ya habari.

Halafu kuna mwezi mbaya. Januari ya ada haiulizi kama uliahidi Agosti.

Kwa hiyo ile 5,000 iweke kwenye kibubu, au kwenye akaunti ya akiba ya simu, hadi mwisho wa mwaka. Ikifika Desemba na haijaguswa na ugonjwa, hiyo ni yako ya kutoa kweli. Kwa kiwango cha dola moja kwa takriban 2,500, 60,000 ni kama dola 24. Iende kwa shirika moja. Ukigawa kwa manne, utawapa wasindikaji wa malipo senti 30 zao mara nne.

Hatua ya 7: Lipa bila kujifunga

Fanya kwa mpangilio huu.

Tengeneza kadi pepe (kadi ya malipo ya namba tu, isiyo ya plastiki) kwenye huduma yako ya fedha za simu au benki, kama inatoa. Weka humo kiasi cha mchango pamoja na makato, usizidishe. Hata fomu ikikusajili kwa kila mwezi bila wewe kujua, mwezi wa pili itakuta kadi tupu.

Kwenye fomu chagua "mara moja" mwenyewe, hata kama unadhani ndiyo iliyochaguliwa. Kiasi kilichopendekezwa kifute, andika chako. Angalia visanduku vilivyokwisha wekewa alama ya vema: cha kulipia makato, cha kupokea barua pepe, cha kuhifadhi kadi. Ondoa alama zote, isipokuwa ya kisanduku cha makato kama umeamua kuyalipia. Mimi nilishawahi kuruka kisanduku kimoja, kwa shirika nisilotaka kulitaja; nilikuja kugundua mwezi wa tatu, na mke wangu ndiye aliyegundua.

Maneno kwamba mchango "unapunguza kodi" yanamhusu mlipa kodi wa nchi ya shirika. Ukiwa Temeke, yaruke. Ndugu zetu walioko Minnesota au London wanaolipa kodi huko, nyie yasomeni, yanaweza kuwarudishia kitu au kuongeza thamani ya mchango.

Taarifa zako zitoe chache iwezekanavyo. Yaliyowakuta Internet Archive yanaweza kumkuta yeyote. Namba ya simu isipokuwa ya lazima, iache wazi, na kama wanakutaka ufungue akaunti, weka nenosiri ambalo hulitumii kwingine.

Ukimaliza, subiri meseji ya muamala, linganisha kiasi kilichokatwa na ulichokusudia, kisha funga kadi.

Hatua ya 8: Nenda jikoni

Kamati zetu zinamheshimu anayekuja kumenya vitunguu. Huku mtandaoni pia wapo, na mara nyingine wana thamani kuliko dola zako 24.

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na inaandikwa na watu wa kujitolea. Wikimedia Foundation kule San Francisco hawataandika makala ya kata yenu. Ukiona makala inasema soko lenu liko mtaa ambao haliko, bonyeza "hariri" urekebishe na uweke chanzo. Nusu saa ya jioni moja inatosha kwa makala fupi.

OpenStreetMap ni hivyo hivyo. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam na wakazi wa kata mitaani kuchora njia, mifereji na nyumba zilizoko kwenye maeneo ya mafuriko, na kazi ile imebaki kwenye ramani ya wazi ambayo mtu yeyote anaitumia. Kuongeza jina la zahanati yenu kwenye ramani hakuhitaji kadi ya benki. Wenye sauti nzuri, na wenye mbaya pia, wanaweza kusoma sentensi za Kiswahili kwenye Common Voice ya Mozilla, ili mashine zijifunze kutusikia tunavyoongea sisi.

Tahadhari ni moja: bando nalo ni pesa. Lihesabu ndani ya ile 5,000, au fanya ukiwa mahali penye Wi-Fi halali.

Hatua ya 9: Kufunga bango, na kusitisha

Ukishaamua kutotoa, bonyeza alama ya kufunga. Hujaiba. Mashirika haya yameacha mlango wazi kwa makusudi ili asiye na kitu asome sawa na mwenye nacho, na wale wanaotoa wanajua hivyo wanapotoa. Andika kwenye daftari jina la shirika, tarehe, na "nitaangalia Desemba", ili bango la kesho lisikuanzishie mjadala upya.

Ukishatoa, tarajia barua pepe nyingi zaidi. Aliyetoa mara moja ndiye anayeombwa tena, kama vile kwenye harusi. Kitufe cha kujiondoa kwenye orodha huwa chini kabisa kwa maandishi madogo.

Na kama tayari umejifunga kwa kila mwezi na mambo yamebadilika, kazi imekwisha au mtoto kalazwa, sitisha leo hii, usisubiri mwezi uishe. Fungua barua pepe ya risiti ya kwanza, mara nyingi humo ndimo kuna kiungo cha kusimamia mchango. Kisipokuwepo, waandikie mstari mmoja ukitaja tarehe na kiasi, kisha funga kadi upande wako bila kungoja wajibu. Huna haja ya kueleza shida zako. Wakithibitisha, piga picha ya skrini uihifadhi, halafu mwezi unaofuata tarehe ile ile angalia tena kama kuna kilichokatwa.

Kuku, kwa wanaouliza, walibaki sita. Chanjo ya kideri kwa wote haikufika hata elfu tano.